Kitufe cha Onesha

Asubuhi aliyokuja mtaalamu wa kompyuta kuweka toleo jipya la programu ya lahajedwali, ile ya kupangia hesabu kwa safu, mhazili alikuwa anagawa chai. Safu ya kwanza ya meza walitaka ya rangi, ya pili ya maziwa, ya tatu walisema imepoa. Kutoka safu ya tatu alivuka moja kwa moja hadi ya tano. Kati ya safu hizo mbili, sakafuni, palikuwa na mstari mweusi mnene kidogo. Mhazili alichutama, akasogeza kikombe kimoja hadi kwenye mstari, kikaingia. Alipomaliza kuhudumia safu ya tano kikombe kilikuwa kimesharudi, kitupu, kina alama ya rangi ya mdomo ya dada yake ukingoni.

Safu ya nne ilikuwa Kitengo cha Malalamiko. Ilifichwa siku walipokuja wageni kutoka makao makuu. Meneja alikuwa na upauzana wake mwenyewe juu ya skrini, ukanda wa vitufe vya amri alivyotengenezewa zamani: Panga, Paka Rangi, Ficha, Onesha. Siku hiyo alisema, "Funika kombe mwanaharamu apite," akabonyeza Ficha. Meza nne, watu wao na kabati la mafaili vikaingia kwenye mstari bila kelele. Wageni waliikuta ofisi haina lalamiko hata moja, wakampa meneja tuzo ya kioo.

Mwanaharamu alipita. Kombe halikufunuliwa. Meneja alisema tusubiri robo ya mwaka iishe. Ikaisha, akasema tusubiri mwaka.

Nyumbani, mtoto wa dada alianza kumwita mhazili mama. Mwanzoni alimsahihisha: "Mimi mama mdogo." Siku hizi alikuwa anaitika tu.

"Toleo jipya halipokei upauzana wa zamani, bosi," mtaalamu alisema. "Itabidi kila kitufe nikitengeneze upya, kisha nikijaribu."

Habari hiyo ilifika jikoni kabla maji ya chai ya pili hayajachemka. Kila kitufe maana yake ni pamoja na Onesha. Mhazili aliosha kikombe kisicho na ufa, akakiweka pembeni, akaenda kusimama na sinia mlangoni kwa meneja muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Mtaalamu alijaribu Panga. Wafanyakazi wakainuka na mikoba yao, wakakaa upya kwa alfabeti. Mhasibu alijikuta karibu na choo, akaendelea kujumlisha. Alijaribu Paka Rangi, na waliochelewa kazini wakawa wekundu hadi masikioni. Alijaribu Ficha kwenye safu ya vyungu vya maua dirishani.

"Hiki kimekuwa bora kuliko zamani," alisema. "Kile kimstari hakionekani kabisa. Na ule wa zamani pale sakafuni nimeupunguza, ulikuwa unachafua macho."

"Safi sana," alisema meneja.

"Na hiki cha Onesha?"

"Hicho achana nacho. Nafasi finyu."

Skrini ilikuwa pana kama meza ya kulia. Nusu yake ilikuwa tupu.

Mhazili alikohoa. "Samahani, bosi. Nakiomba hicho kimoja tu. Dada yangu yumo."

"Una malalamiko?"

"Ninayo."

"Basi fuata utaratibu, binti. Andika, upeleke Kitengo cha Malalamiko."

"Ndicho kilichofichwa, bosi."

"Kufichwa si kufutwa."

"Kweli kabisa," mtaalamu aliongeza kwa upole. "Kwenye jumla bado wanahesabiwa. Hata mshahara wanakatwa kodi."

Wakacheka wote wawili. Mhazili aliweka sinia mezani, akaenda kuandika.

Mstari ulikuwa umebaki mwembamba kama unywele. Karatasi ilipita. Kikombe kisicho na ufa kiligonga sakafu, hakikuingia. Alijaribu kukilaza, hakikuingia.

Karatasi ilirudi baada ya chakula cha mchana, imegongwa muhuri: *Yamepokelewa. Yatapelekwa kwa Meneja.* Muhuri ulikuwa umenyooka na wino umekolea. Dada yake hakuwahi kufanya kazi ovyo. Nyuma ameandika kwa penseli: *Chai ya pili haijafika. Mtoto viatu vinamtosha?*

Mhazili alipeleka karatasi kwenye trei ya meneja, akailaza juu ya nyingine zenye muhuri uleule. Kisha akaja na birika, akachutama, akamimina chai polepole kwenye mstari, uzi mwembamba mwembamba. Sakafu ilibaki kavu.

Meneja alipita na tuzo yake mkononi, anatafuta kitambaa cha kuifutia.

"Angalia usimwage," alisema. "Kesho tuna wageni."