Laini ya Saa Tano

Heena alikuwa amechoka na ile modemu, iliyoingiza kompyuta kwenye intaneti kwa kushika laini ya simu ya duka, hata kabla haijaanza kukoroma. Mwaka mzima wa 1998 alipigana nayo, na kila ujanja wa kuiharakisha aliujua: kupiga kabla maofisi ya mjini hayajajaza laini, kufungua ukurasa mmoja mmoja, na zaidi ya yote, kuzima picha. Ukizima picha, ukurasa wa nusu saa unakuja kwa dakika mbili, maneno matupu. Kwa muuza vitenge wa mtaa wa Ngokolo, maneno yalitosha.

Jumamosi hiyo kaka yake Sanket, aliyehamia Uingereza, alikuwa ameweka kwenye tovuti habari za mwanawe wa kwanza. Mama yao, Champaben, alivuta kiti mpaka karibu agusane na kompyuta, maana macho yake yalififia mwezi hadi mwezi, naye alitaka kumwona mjukuu wake angali anaona.

Kwenye benchi la duka alikaa Nyamizi, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Mageni. Simu ya duka ndiyo ilikuwa simu ya mtaa, na kila Jumamosi saa tano kamili mumewe, Donatus, alipiga kutoka machimboni Geita. Wiki hiyo shimo moja lilikuwa limetitia huko, na majina ya waliofukiwa hayakujulikana. Nyamizi alikuwa pale tangu saa mbili. Heena alimwahidi kwamba saa tano ikifika laini itakuwa wazi.

Saa nne na nusu ukurasa ulifunguka, chapuchapu. Jina la mtoto lilikuwepo, uzito wake ulikuwepo, na katikati palikuwa na kisanduku kitupu.

"Uso uko wapi?" Champaben aliuliza.

Heena alijilaumu. Picha alizizima mwenyewe zamani akasahau. Mazoea yana taabu. Akaziwasha, akaanza upya, na picha ikawa inashuka kutoka juu, ukanda mwembamba baada ya mwingine. Nywele. Paji la uso. Saa tano kasoro dakika mbili walikuwa wamefika kwenye nyusi.

"Mama, inabidi nikate."

Champaben hakubisha. Aliweka mikono mapajani, na hilo lilimuuma Heena kuliko ugomvi.

"Mwache bibi amwone mjukuu, dada Heena," Nyamizi alisema. "Donatus akikuta inatumika atapiga tena."

Heena alijua alipaswa kukataa. Lakini alikuwa amechoka kumnyima mama yake, basi akaondoa mkono kwenye waya.

Macho yalitokea saa tano na dakika sita. Kidevu kilikuja saa tano na robo. Champaben alicheka huku akilia, akakigusa kioo. Nyamizi naye alisogea kutazama, akasema mtoto kafanana na bibi yake. Heena akachomoa waya wa modemu, akarudisha simu mahali pake.

Wakakaa. Saa saba simu ililia, Nyamizi akasimama. Aliyepiga alikuwa mfanyabiashara wa Mwanza akiulizia vitenge, na Heena akamkatia. Saa kumi Nyamizi akajifunga khanga yake.

"Labda alipiga," alisema.

"Labda alipiga, Mama Mageni."

Kama Heena angeiacha laini wazi saa tano, kimya cha Donatus kingekuwa na maana moja tu. Sasa kilikuwa na maana mbili, na Nyamizi aliondoka nazo zote kwenda kuwapikia watoto.