Neno la Shangazi Lapigiwa Kura

Mtu akinitajia tena demokrasia nikiwa na mkasi mkononi, kitakachotokea asinilaumu. Mimi ni fundi cherehani, elimu yangu si ya kutisha mtu, lakini masikio ninayo mawili na yote yanafanya kazi. Siku ile nilikaa bega kwa bega na shangazi yangu kwenye benchi la mbele, na alichosema nilikisikia. Halafu watu wazima na ndevu zao wakakaa kikao, wakapiga kura kuamua alisema nini.

Ngoja niwaeleze hao watu kwanza, maana bila kuwajua mtadhani natia chumvi.

Wanajiita Wenye Kauli. Eti ni kikundi cha wananchi wa mashinani, watu wa kujitolea, hawalipwi hata senti, na hilo watakwambia kabla hujaitikia salamu. Hukutana Jumamosi mchana kwenye ghala la zamani la mazao, chini ya paa la bati, ndani ya harufu ya magunia ambayo haijatoka mpaka leo. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu tunayemwita Nukta. Kila akimaliza sentensi anayoiona nzuri hutamka "nukta", na sentensi zake zote huziona nzuri. Alipostaafu akakosa watoto wa kuwanyamazisha, basi akatugeukia sisi.

Nukta alikwenda semina mjini, akarudi na fulana, mkoba wa kitambaa na kanuni moja: karatasi ni silaha ya watawala, mwananchi husema kwa mdomo. Kwa hiyo Wenye Kauli hawaandiki kitu. Badala ya katibu wana Mrudishaji. Huyu anasimama juu ya kreti ya soda katikati ya ghala, na mtu akisema jambo, yeye hulirudia kwa sauti kubwa ili hata waliobanana mlangoni wasikie. Kilichorudiwa na Mrudishaji ndicho kilichosemwa. Kikipigiwa makofi, kimepita.

Sasa Mrudishaji mwenyewe ni nani? Binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi. Sauti anayo, siwezi kumnyima haki yake. Kingine sijui. Alianza ufundi baiskeli akaacha, akaanza kuchoma matofali akaacha, akaanza kuchumbia, safari hii mchumba ndiye aliyeacha. Lakini walipompandisha kwenye ile kreti kichwa kikavimba, akawa anatusalimia njiani kwa kuinua mkono kidogo tu, mheshimiwa mzima, na hata ile fulana ya kikundi anafuliwa na mama yake.

"Mwanangu amepata mahali pa kusimama," shangazi aliniambia siku moja, uso umemng'aa.

"Kwenye kreti, shangazi."

Alicheka, lakini hakupenda.

Shangazi ana kiwanja kando ya barabara kuu. Alikinunua kwa kugonga kokoto baada ya mumewe kufariki, mtoto amelazwa kwenye kivuli cha lundo la mawe, na mimi yatima wa kaka yake nimeshikilia pindo la kanga yake. Vidole vyake viwili havinyooki mpaka leo. Hapo ndipo anapolima mboga, nyanya na vitunguu, na kwa hicho anakula, anavaa, na anamlisha huyo mheshimiwa wake. Kingine hana.

Basi, halmashauri ikawaahidi Wenye Kauli ukumbi. Tutajenga, wakasema, ila kiwanja mtafute wenyewe, tena kiwe cha mtu aliyekubali kwa hiari yake, na wageni wetu watakuja kukiona. Loo! Kila mtu akautaka ukumbi na hakuna aliyeutaka kwake. Nukta ana ardhi bondeni huwezi kuona mwisho wake, lakini ati ni mbali kwa wananchi, nukta. Wakaunda kamati ya kiwanja. Ikaonekana haina mwanamke, na hilo lingeonekana vibaya kwa wageni, wakamfuata shangazi wakamvika kilemba cha ukoka: mama yetu, nguzo yetu, hekima yetu. Akakubali kwa ajili ya mwanawe. Kila uchao vikao, kila uchao kusubiri akidi itimie, na mboga zake zikawa zinakauka bila mtu wa kuzimwagilia.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa inapiga bati kweli kweli. Nukta alikuwa amesimama mbele anatulaumu. Wageni wako njiani, kiwanja hakuna, tutaiweka wapi sura yetu? Shangazi akanyoosha mkono, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Jamani," alisema, "mambo haya ya kiwanja, mimi najitoa."

Najitoa. Yaani naondoka kwenye kamati yenu, nirudi kwenye mboga zangu. Mimi nilisikia, na benchi zima lilisikia.

Juu ya kreti binamu yangu akasita. Nilimwona kwa macho yangu haya. Alimtazama mama yake, akamtazama Nukta aliyekuwa amekunja uso, akayatazama yale macho yote yanayomngoja yeye. Halafu akavuta pumzi.

"Mambo ya kiwanja, mama amejitolea!"

Silabi moja tu, jamani! Ghala likalipuka. Vigelegele, makofi, watu wanapanda juu ya mabenchi. Nukta akamrukia shangazi akamkumbatia kabla sijafumbua mdomo, na nilipoufumbua hakuna aliyenisikia. Shangazi wangu, katikati ya kelele za watu na za mvua, akaweka mkono kifuani akawa anainama kushukuru.

Tulipotoka nikamshika mkono. "Shangazi, wamesikia kwamba umejitolea."

"Si kweli? Siku zote hizo kwenye kamati nilikuwa nafanya nini kama si kujitolea?" Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. "Watu hawa unawasema bure. Mtu anaaga, wanampigia makofi."

Nikasema moyoni labda roho mbaya ni yangu.

Jumatatu asubuhi walikuja na kamba na vigingi. Niliwaona kutoka kibarazani kwangu, nikaacha gauni la watu kwenye mashine nikakimbia. Nukta alikuwa amesimama katikati ya vitunguu na viatu vyake vya ngozi, anaelekeza kigingi kikae wapi.

"Mwalimu, mmepotea?" shangazi alimuuliza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Tumefika, mama. Hapa litakuwa jukwaa."

Ilichukua muda aelewe. Alipoelewa aliketi chini, papo hapo kwenye udongo.

"Mimi nilisema najitoa. Kwenye kamati. Kiwanja changu nikupe wewe nile nini?"

"Mama, mimi binafsi nakuelewa," Nukta alisema, na mtu akianza na *mimi binafsi* jua umekwisha. "Lakini kikao kimeshapitisha. Mtu mmoja akitengua kauli ya wengi, huo si udikteta? Una malalamiko, lete kikaoni. Mlango uko wazi, nukta."

Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Akaendelea na kamba yake.

Binamu yangu nilimkuta nyumbani kwa mama yake, anakula. Nilisimama mlangoni.

"Mama yako alisema nini?"

"Dada, mvua ilikuwa kubwa."

"Kwenye kichwa changu haikunyesha?"

Alisukuma sahani. "Unajua nikikiri nilikosea itakuwaje? Watauliza kila nilichowahi kurudia tangu nianze. Nitashushwa."

"Shuka basi! Kwani umepanda nini? Kreti!"

"Wewe hujui," alisema, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imekwenda wapi sijui. "Hujawahi kusimama mahali watu wote wakanyamaza wakungoje wewe. Mimi sijawahi kungojwa na mtu."

Huruma ilitaka kunishika. Niliikataa. Mtu anamla mama yake mzima mzima, halafu anataka umpangusie mdomo?

Jumamosi ghala lilifurika. Habari za namna hii hazihitaji Mrudishaji. Nukta akafungua kikao kwa maneno marefu kuhusu ukomavu wa wananchi, kisha akatoa hoja yake, na mimi mpaka leo nikiikumbuka nywele zinanisimama.

"Swali ni moja. Siku ile mama alisema *najitoa* au alisema *najitolea*? Wananchi wataamua kwa kunyoosha mikono."

"Si mumuulize mwenyewe!" nilipiga kelele. "Huyo hapo amekaa!"

"Mama ana maslahi katika jambo hili."

"Basi niulizeni mimi, nilikaa naye."

"Wewe ni ndugu yake."

"Na huyo kwenye kreti ni nani yake? Mpangaji?"

Watu walicheka. Nukta hakucheka. "Mrudishaji akiwa pale juu si mtoto wa mtu," alisema. "Ni chombo cha kikao, nukta."

Wanaosema najitolea, mikono juu. Ikanyooshwa ya mlangoni kwanza, wale ambao siku ile hawakusikia chochote isipokuwa binamu yangu. Wakafuata wenye tamaa ya ukumbi, na muuza soda aliyekwisha kupiga hesabu za kibanda chake nje ya mlango. Lakini wanawake wa benchi la mbele walitazama miguu yao, na wengi katikati walikunja mikono, mtu anamwangalia jirani yake. Mikono haikutosha. Nukta akaliona hilo.

"Mrudishaji mwenyewe hajapiga kura," alisema. "Na yeye ni mwananchi."

Binamu yangu akatazama dari, akatazama chini, kila mahali isipokuwa mama yake alipo. Halafu mkono ukapanda taratibu.

"Ala!" mzee mmoja muuza mkaa alisema kutoka nyuma. "Mtu anamkana mama yake mchana kweupe?"

"Kati yao mmoja mwongo," mwingine akadakia, "na mama huyu tunamjua."

"Mshusheni!"

"Shuka, mwongo wewe!"

Likawa wimbi. Mikono iliyokuwa juu ikaanza kushuka, mmoja mmoja, watu wanajifanya wanajikuna shingo. Mtu akapiga teke ile kreti, binamu yangu akayumba, akashika nguzo. Hapo nikajua tumeshinda. Furaha ilinipanda mpaka kooni, nasema kweli. Nilitaka ashuke, nilitaka azomewe mpaka nyumbani, na Nukta wake nyuma yake na mkoba wa semina. Nikageuka nimshike shangazi.

Shangazi alikuwa amesimama. Alikuwa amenyoosha mkono, ule wenye vidole visivyonyooka, na alikuwa ameunyoosha upande wa mwanawe.

"Mwacheni," alisema. "Amerudia sawasawa. Mimi ndiye niliyesahau."

Hakuhitaji kurudiwa. Hata waliobanana mlangoni walimsikia. Kisha Nukta, mshenzi yule, akaanza kupiga makofi, na ghala zima likamfuata, hata muuza mkaa, hata wanawake wa benchi la mbele, baadhi yao wanalia na kupiga makofi pamoja. Limepita, kwa kauli moja. Mimi nilipiga kelele kwamba si moja, mimi sijakubali, ikawa kama nasemea chunguni.

Nilimfikia nje, anatembea haraka.

"Shangazi, umefanya nini? Tulikuwa tumeshinda!"

"Nani kashinda?" Hakusimama. "Ulitaka wamshushe pale kwa mateke, wamwite mwongo, aishi hapa hapa na jina hilo? Kazi gani atapata? Nani atampa binti yake?"

"Lakini ni mwongo kweli!"

"Najua," alisema. "Mimi ndiye mama yake."

Nililia njia nzima kwa hasira, na sikuona haya.

Asubuhi yake tulikwenda kung'oa mboga kabla hawajazikanyaga. Vitunguu vilikuwa bado vidogo, havifai hata kuuza. Tulikuwa tumefika katikati ya tuta binamu yangu alipokuja. Alisimama kwenye kigingi, bila fulana yake, mikono hajui aiweke wapi.

"Mama," alisema, "siku ile mimi nilidhani..."

Shangazi hakuinua kichwa.

"Hukudhani, baba. Ulinisikia vizuri kabisa," alisema. "Anza upande ule."