Vidole Havisomi

Vikubwa huku, vya mbegu huku, vilivyokatwa na jembe kule kwa ng'ombe. Wachuka alikuwa ameinama juu ya rundo la viazi tangu giza halijatoka, na mikononi alikuwa amevaa glavu za mpira, na juu ya glavu, soksi za marehemu mumewe. Watu wa stoo walikuwa wamezoea kumwona hivyo. Mwanzoni walicheka, wakamwita bondia. Siku hizi walimsogezea tu gunia la kukalia.

Ile dawa ya dripu ndiyo ilimwachia huo ubaya. Akigusa kitu baridi, hata kijiko, alisikia kama amechomwa sindano mpaka kwenye kiwiko. Na Molo ni nani asiyeijua? Asubuhi hata mlango ni barafu. Halafu kulikuwa na vidonge vya kumeza nyumbani, ambavyo vilimchubua viganja na nyayo. Ngozi ya ncha za vidole ilitoka yote ikaota nyingine, nyekundu, inayong'aa, laini kama ya mtoto wa juzi.

Lakini alikuja stoo. Siku akiwa na nguvu alichagua viazi mpaka jioni, siku akiwa hana alikaa na kuwaambia wengine wamekosea. Kansa ilianza kwenye utumbo mkubwa, na sasa ilikuwa imefika kwenye ini. Daktari alimwambia hivyo bila kuzunguka. "Haitaisha, mama. Lakini tunaweza kuizuia, na watu wanaishi nayo. Wewe usilale. Tembea, kula, fanya kazi ile unaweza." Wachuka alirudi nyumbani akashika neno moja tu katika hayo yote: usilale.

Nje, lori lilipiga honi.

"Shosho!" Kibii, dereva, alitoa kichwa dirishani. "Ukichagua kimoja tena nakuacha!"

"Niache, uone nani atakuombea ukifika mteremko wa ajali pale Salgaa."

Kibii alicheka, akashuka kumsaidia yule bibi kupanda. Alimshika chini ya kwapa, kwa sababu alijua mikono haishikwi. Wachuka aliketi mbele, akajifunga shuka mpaka shingoni, akaweka mkono ubavuni kulia, pale chini ya mbavu ambapo palikuwa panauma siku hizi kama mtu amesahau kitu ndani.

Hakuogopa sindano. Alichoogopa ni kurudishwa. Mara mbili zilizopita alifika Nakuru akaambiwa damu iko chini, haiwezi kubeba dawa, arudi nyumbani akale. Akala. Alikula mboga za managu, akala za terere, akala maini ya kuku wake mwenyewe mpaka kuku waliobaki wakawa wanamkimbia. Jana alitolewa damu kwenye kliniki ya Molo. Leo ndiyo angejua. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba ikipita mara ya tatu bila dawa, ule ugonjwa utakuwa umepewa nafasi ya kutembea.

Nakuru, Kibii alimshusha kwenye barabara ya kwenda hospitali, akaendelea sokoni na viazi vyake. Wachuka alipanda kile kilima polepole, akisimama kila penye ukuta wa kuegemea.

Kwenye benchi la kliniki, Cheruto alikuwa amemwekea nafasi kwa mkoba. Cheruto alikuwa mwenye duka la nguo kule Rongai. Ya kwake ilianzia kwenye titi. Walijuana hapa hapa, kwenye benchi hili.

"Bado uko?" Cheruto aliuliza.

"Bado niko. Na wewe?"

"Mimi nani atanipokea huko juu na huu mdomo?"

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaotunza pumzi. Kabla Wachuka hajafungua hata shuka, Sista Nabalayo alitoka kwenye chumba cha dripu akiwa ameinua karatasi.

"Shosho wa Molo! Damu imepanda! Umekula nini wewe?"

"Nimekula shamba lote."

"Basi leo tunakufunga dripu. Enda dirishani wakupitishe kwa bima, halafu ukuje. Lakini usikae, yule wa kuchanganya dawa anafunga kazi saa nane."

Wachuka aliinuka kama msichana. Hata ubavu ulinyamaza. Alipita watu akisema, "Imepanda, imepanda," na watu ambao hawakujua ni nini kimepanda walimwambia asifiwe Mungu.

Foleni ya dirishani ilikuwa ndefu. Alipofika mbele, jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya korido. Nyuma ya kioo aliketi binti anayeitwa Kimberly, jina lilikuwa kifuani, na mbele yake kikasha kidogo chenye taa.

"Sasa, shosho. Weka kidole gumba hapo."

Wachuka alivua soksi na glavu, akaweka. Taa ikawaka nyekundu.

"Tena. Finya kidogo."

Nyekundu.

"Cha shahada. Cha kati. Sasa mkono ule mwingine."

Vidole vyote viliingia na kutoka. Kila mara ile taa iliwaka nyekundu kama jicho la mlevi.

"Ajipanguse kwa paji la uso, apate mafuta," mtu alisema nyuma.

"Paji lake limekauka," Cheruto alisema. Yeye alikuwa amepita zamani, vidole vyake vya kukunja nguo vikisomeka mara moja, na alikuwa amerudi kumsindikiza mwenzake. "Jipanguse kwa langu. Mimi nimejipaka mafuta ya kukaanga mandazi."

Foleni ilicheka. Wachuka alijipangusa kidole kwenye paji la uso la Cheruto, akakiweka. Nyekundu.

"Shosho, vidole vyako havisomi," Kimberly alisema.

"Na si ni hivi tu niko navyo."

"Sistim inasema hakuna mtu."

"Hakuna mtu wapi?"

"Hapa." Kimberly aligeuza macho. "Inasema hakuna alama."

Wachuka alitoa kitambulisho, akakigeuza nyuma. "Alama si hii hapa? Serikali yenyewe ilinishika kidole ikanipaka wino."

"Hiyo ni ya zamani. Hapa tunataka ya leo."

"Si mlikuwa mnatuma namba kwa simu?"

"Iliondolewa. Watu walikuwa wanakula bima kwa majina ya watu wamelala kwao nyumbani. Sai lazima mtu akuje mwenyewe."

"Mimi mwenyewe nimekuja."

"Najua," Kimberly alisema kwa sauti ya chini. Na ilionekana anajua kweli. Alifungua mkoba wake, akatoa losheni, akapitisha mkono chini ya kioo, akampaka Wachuka kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayempaka mtoto. Walingoja iingie. Walijaribu tena. Nyekundu.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yao alikohoa. Sauti yake ilipita kama maji kwenye mfereji ulioziba, maana kansa yake ilikuwa kooni. "Usijisumbue, mama. Mimi Naftaly, wa Bahati. Fundi wa mawe. Simiti ilikula zangu zote. Mara iliyopita niliambiwa hivyo hivyo nikaenda nyumbani."

"Na leo?"

"Leo nimekuja kujaribu kama zimeota."

Hazikuwa zimeota. Taa ilimwakia nyekundu kama Wachuka, naye akarudisha mkono mfukoni.

Cheruto ndiye alienda kumwita Sista Nabalayo. Sista alifika na glavu bado mkononi, akainama mpaka kwenye tundu la kioo.

"Kim, huyu ni Wachuka. Ninamjua. Ninajua mpaka mshipa wake gani unakubali na gani unajificha."

"Sista, hata mimi ninamjua. Si alituletea viazi Desemba? Lakini sistim haimjui, na isipomjua duka la dawa halifunguliwi."

"Hakuna njia nyingine?"

"Kuna barua ya kusamehewa vidole. Daktari anajaza, inaenda Nairobi, wanajibu."

"Wanajibu lini?"

Kimberly alipiga simu mahali. Muziki ulilia kwenye simu, mwanamke akasema simu yako ni ya muhimu kwetu, muziki ukalia tena. Foleni ilianza kunung'unika, na haikuwa kwa ubaya. Kila mtu alikuwa na saa nane yake.

"Ama alipe kesh," mtu alisema.

Wachuka hakugeuka. Bei ya dripu moja ilikuwa bei ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wake alienda na ile ya kwanza, kabla bima haijakubali.

Kimberly aliweka simu chini. Alisogea karibu na kioo, akaongea kama mjukuu anayemshauri nyanya yake. "Shosho, sikiza. Wenye vidole kama vyako tunawaambia wapumzishe mikono. Usiguse mchanga. Usifue. Hivyo viazi wachia wengine. Na hivyo vidonge vinachubua, ukiviacha kwa muda ngozi itarudi, halafu ukuje nikusome."

Naftaly aliacha kukohoa.

"Ngoja," Cheruto alisema. "Aache dawa, ndiyo apewe dawa?"

"Mama, mimi sikuitengeneza."

"Daktari aliniambia nisilale," Wachuka alisema. Hakupaza sauti. "Aliniambia nifanye kazi. Sasa wewe unaniambia nikae kitako. Na huu ugonjwa, nao mtauambia ukae kitako uningoje?"

Kimberly alitazama kikasha chake. Macho yalikuwa yamejaa, lakini nyuma ya Wachuka kulikuwa na mtu mwingine, na nyuma ya huyo mwingine. "Naomba unisongee kidogo, shosho," alisema. "Nihudumie wengine."

Wachuka alisonga.

Cheruto alimvuta kando, akamnong'oneza kwa mdomo wote. "Chukua changu. Tunajifunika na hii leso, mimi naweka kidole, wewe unaweka uso."

"Halafu nikifa wakuzike wewe."

"Watakuwa wamenipunguzia kazi."

Walicheka, lakini kicheko cha Wachuka kilikatikia njiani. Cheruto aliitwa ndani, dripu yake ilikuwa tayari. Aliondoka akitazama nyuma.

Kwenye benchi walibaki Wachuka na fundi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia nane. Naftaly alikuwa tayari ameshafunga mkoba wake.

"Twende, mama. Mtu huzoea. Ukiondoka mapema unapata gari kabla hazijajaa."

Wachuka aliitazama mikono yake pajani. Uchovu ulimshukia wote mara moja, ule wa alfajiri, wa kilima, wa kusimama kwenye foleni. Angeweza kulala pale pale kwenye benchi. Alifikiri juu ya zile mara mbili alizorudishwa. Hakuwa amelalamika. Mwili ndio ulikuwa umekataa, na mwili ni mwili, huwezi kuugombeza. Alienda akaulisha, akaubembeleza kama ng'ombe mgonjwa, na leo mwili umesema sawa. Umekubali. Basi aliyekataa leo ni nani? Akimtafuta ampigie magoti, atampata wapi? Si Kimberly. Si Sista. Hata yule wa simu alikuwa muziki tu.

Aliinuka.

"Gari ni huku," Naftaly alisema.

"Najua gari iko wapi."

Alisukuma mlango wa chumba cha dripu kwa bega. Ndani kulikuwa na viti vyekundu vya kuegemea, watu wamelala na mipira mikononi, Cheruto akiwa karibu na dirisha amefumba macho. Kiti cha kando yake kilikuwa wazi, na chuma chake cha kutundikia hakikuwa na kitu. Wachuka aliketi. Alivua sweta mkono mmoja, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaweka mkono kwenye kile kibao, kiganja juu.

Sista Nabalayo aligeuka na trei.

"Shosho. Dawa yako haijachanganywa."

"Najua."

"Duka limefungwa sasa hivi."

"Nimesikia mlango."

"Sasa unafanya nini?"

"Nimekaa kwa kiti changu. Leo damu imepanda, wewe mwenyewe umesema."

Sista aliweka trei chini. Alitazama mlangoni, kisha akamkaribia. "Wataleta askari, mama yangu. Hawataki mtu akae hapa bila kupitishwa."

"Wamlete," Wachuka alisema. Alikuwa amechoka mpaka sauti ilitoka kama pumzi. "Akija kunitoa, itabidi aandike amemtoa nani. Si ataandika jina? Basi aandike. Wachuka, wa Molo. Hapo ndiyo watakuwa wamenijua."

Cheruto, macho bado yamefumbwa, alisema, "Na mimi ataandika shahidi."

Mlango ulifunguka tena. Naftaly aliingia, mkoba ukiwa begani, akasimama akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Kisha aliona kiti kingine kisicho na mtu. Alienda, akaketi, akaanza kukunja mkono wa shati, mara moja, mara mbili, simiti ikiwa bado kwenye mikunjo ya kiwiko.

Sista Nabalayo alisimama katikati yao, mikono kiunoni, kwa muda ambao ungetosha mtu kuita askari. Hakuita. Alienda kwenye sinki, akafungua maji ya moto, akalowesha vitambaa viwili, akavikamua. Kimoja alimfunga Naftaly. Kingine alikizungusha kwenye mkono wa Wachuka, pale kwenye kiwiko, vile wao hufanya kuamsha mshipa kabla ya sindano.

"Kunja ngumi," alisema. "Fungua. Kunja tena."

Wachuka alikunja ngumi.