Meno ya Mheshimiwa

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Asubuhi mawingu yalishuka hadi karibu na mabati, mvua ikawa inatishia tu bila kunyesha. Nilisali mlangoni, kisha nikamsukuma mdogo wangu kwenye kiti chake cha magurudumu hadi hospitali, akang'olewe gego.

Tunamwita Mheshimiwa, kwa kuwa huendeshwa kila aendako. Mikono yake haimtii, ulimi wake haumpi maneno. Akikubali, huinua macho, akikataa, huyafumba. Lakini meno yake ya mbele yana kazi. Huuma kijiti akawasha redio, akanifunulia kurasa za daftari la masomo ya jioni wakati mikono yangu imejaa unga.

Miaka mitatu iliyopita, katika hospitali nyingine, aliingia na gego moja bovu akatoka na mapengo matano. "Ulikubali mwenyewe," waliniambia, wakinionyesha alama ya dole gumba langu kwenye fomu. Sikujua kusoma. Nikajiandikisha darasa la jioni, nikakaa na watu wa rika la wanangu, nikimwomba Mungu anifungulie herufi moja moja.

Sasa muuguzi alinipa kalamu kabla ya karatasi. Hilo halikunipendeza.

"Weka sahihi hapa chini, dada. Fomu ya kawaida tu."

"Nasoma kwanza."

"Foleni ndefu hiyo."

"Na mimi nasoma polepole."

Nilifuata mistari kwa kidole. Dawa ya usingizi, sawa. Gego la chini kushoto, sawa. Kisha: na meno mengine yoyote ambayo daktari ataona yanafaa kung'olewa. Mtego ule ule, umevalishwa nguo safi.

Daktari wa meno akaitwa. Alikuja akitabasamu, nami tabasamu lile sikuliamini.

"Tunaandika hivyo ili tusimlaze mara mbili," alisema. "Dawa ya usingizi si mchezo."

Lilikuwa jibu zuri. Majibu mazuri nilipewa hata kule.

"Muulize mwenye meno. Anaitwa Mheshimiwa."

Alichuchumaa mbele ya kiti. "Mheshimiwa, haya ya mbele unayatumia?"

Mdogo wangu alinyoosha shingo, akaiuma kalamu iliyokuwa mkononi mwangu, akaiburuta juu ya fomu, ikaacha mstari mmoja uliopinda.

"Heh! Mwandiko wake unashinda wa daktari!" muuguzi akasema. Mheshimiwa akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

Daktari hakucheka. Aliiokota, akatazama alama za meno juu yake, akaikata sentensi ile na kutia sahihi pembeni.

Bado sikuinuka. "Karatasi hubadilishwa, daktari. Sema kwa sauti, hawa wasikie."

Foleni nzima iligeuka. Daktari alimtazama Mheshimiwa, si mimi. Macho ya mdogo wangu yalikuwa yametulia yakingoja, hayajapanda wala hayajafumba.

"Nitang'oa gego moja tu. Nikikuta jingine bovu, nitaliacha mpaka uamke, nikuulize wewe mwenyewe."