Kamba Mbele ya Dirisha

"Hiyo kamba itahama leo, si kesho," mpigapicha alisema, mikono kiunoni. "Dirisha langu, mwanga wangu."

"Mwanga wako umeununua duka gani?" dobi alimjibu bila kugeuka, huku akikamua shuka. "Nielekeze na mimi nikachukue kilo mbili."

Uani shughuli zilisimama. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mboga alisogeza kigoda chake taratibu, asije akapitwa na neno.

"Mama, mimi sitaki ugomvi. Nimefungua studio. Sasa mashuka yako yananizibia dirisha, picha nitazipiga gizani?"

"Na mimi nafua hapa mwaka wa kumi na moja. Haya ni ya nyumba ya wageni, ndiyo yananilisha. Wewe una wiki mbili tu, tayari unataka kulipangia jua kazi."

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kupenda usingizi wake wa mchana kuliko haki. Alitoka na singlendi, akasikiliza nusu ya maneno, akaamua: kamba ihamie nyuma, kwenye tangi la maji. Dobi alifungua fundo, akazungusha kamba kwenye kiwiko, akaondoka nayo. Pale ilipokuwa ukabaki ukuta mtupu wa chumba cha dobi, unaotazamana na dirisha la studio, uliopakwa rangi ya kijani mbichi kama nyasi za mvua. Hakuna aliyeutilia maanani.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Mpigapicha aliingia ndani na ushindi wake.

Miaka sita alikuwa amezunguka na begi mgongoni akipiga picha kwenye shughuli za watu, mpaka alipojikaza kisabuni na kupanga chumba kimoja. Hakutaka tena maharusi. Alitaka picha za bidhaa: viatu, mikoba, sabuni, keki, vitu vya wale wanaouza kwa simu na wanaotaka mteja ameze mate kabla hajauliza bei. Kuta alizipaka nyeupe mara mbili. Meza aliisukuma karibu na dirisha, akateremsha karatasi pana nyeupe kutoka ukutani hadi mezani, ikapinda kwa ulaini bila kuonyesha kona. Taa hakuwa nazo. Dirisha ndilo lilikuwa taa yake. Mama mkwe alimshonea pazia, kisha akajipa mwenyewe ukarani wa mapokezi, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Picha ya kwanza aliyopiga mle, siku ya kujaribu chumba, ilikuwa ya huyo mama mkwe. Ilitoka nzuri mno, ikapita simu hadi simu mpaka ikamfikia Mama Keki, mwokaji ambaye mdomo wake ulifika mitaa mingi kuliko keki zake. Akatuma ujumbe: Ijumaa nakuja. Ikitoka vizuri, keki zangu zote zitapigwa kwako. Ikitoka vibaya, naenda studio kubwa ya mjini, na nitasema kwa nini.

Ijumaa saa saba mchana akaja na keki ya ghorofa tatu, nyeupe kama pamba. Saa tisa gari la walioiagiza lingepita kuichukua.

Mpigapicha alipiga, akamwonyesha. Mama Keki akaitazama picha kwa muda.

"Dada, hii keki nimeioka leo asubuhi au nimeifukua?"

Kweli, ubavu mzima wa keki ulikuwa wa kijani, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Mpigapicha akacheka kicheko cha kulazimisha, akabadilisha mpangilio wa rangi kwenye kamera, akapiga tena. Sasa kijani kilipungua, lakini upande wa pili ukawa wa waridi kama ufizi wa mtoto. Akasogeza meza. Akamlaani muuza rangi, kwamba amemuuzia nyeupe ya uongo. Jasho likamtoka. Ikafika saa nane kasoro.

"Mbona mimi ulinipiga hapahapa nikatoka kama bibi harusi?" mama mkwe aliuliza kutoka mapokezi.

Mpigapicha akaifungua ile picha ya kwanza, akaikuza hadi kwenye miwani ya mama mkwe. Ndani ya vioo viwili lilionekana dirisha, na ndani ya dirisha mashuka meupe yamepangana, yamevimba kwa upepo. Akageuka kukitazama kisu cha keki kilichowekwa mezani. Kilikuwa kinang'aa, na kwenye bapa lake lilionekana dirisha lile lile, limejaa ukuta wa kijani.

Akakaa chini. Ukuta ndio uliokuwa ukimrushia rangi yake ndani. Mashuka yalikuwa yameufunika, yakalichukua jua na kumletea mwanga safi.

"Kwa hiyo yule uliyemhamisha," mama mkwe alisema, "ndiye alikuwa fundi wako wa taa."

"Mama, usinimalize."

"Sikumalizi. Nenda upesi."

Dobi alikuwa nyuma ya tangi akisugua kola. Mabeseni mawili ya mashuka yalikuwa yanasubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuhamisha na tangi?"

"Nimekuja kuomba kamba irudi."

"Kamba ipi? Ile inayokula mwanga?"

"Ile ile."

"Sema kwa sauti. Tangi linanguruma, sikusikii."

Tangi lilikuwa kimya kama kaburi. Mpigapicha aliiona ile shingo ya mama wa mboga ikinyooka kule uani. Akavuta pumzi.

"Nilikosea," alisema kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Mashuka yako ndiyo yalikuwa yananipa mwanga. Nina mteja ndani, na bila wewe naaibika leo."

Dobi alisuuza mikono, akaifuta kwenye kanga, polepole, kama mtu mwenye wiki nzima mbele yake.

"Meupe yanakuja Jumanne na Ijumaa tu. Siku nyingine ni ya maua."

"Wateja nitawapanga Jumanne na Ijumaa."

"Na mabeseni utabeba wewe."

"Nitabeba."

Alibeba, maji yakimlowesha hadi magotini. Kamba ikafungwa pale pale. Dobi alimsimamia kwa ukali: "Vuta pembe. Hujawahi kutandika kitanda wewe?" Lakini shuka la tatu lilipopanda alichungulia dirishani, akaona keki inavyobadilika sura, na kuanzia hapo akawa anauliza mwenyewe: hili nilisogeze? Na hili? Alisogeza moja hatua mbili kushoto, na kivuli kizito kilichokuwa chini ya keki kikalainika.

Mpigapicha akapiga. Keki ilitoka nyeupe, kila ua la sukari likionekana na ukingo wake.

Mama Keki aliitazama, akaitazama tena. Nje gari lilikuwa limeanza kupiga honi.

"Ijumaa ijayo nina mbili," alisema, akaiinua keki yake. "Na Jumanne nitakuletea dada yangu, anauza mikoba. Anaongea sana, umzoee."

Alipoondoka, mpigapicha aliketi kwenye kizingiti, sketi bado imemgandia miguuni, mikono ikinuka sabuni ya watu. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuandika Jumanne na Ijumaa kwenye karatasi ya kubandika mlangoni.

Pazia la chumba cha kijani likafunguka.

"Nyie wa picha," dobi aliita. "Nimeshapakua sahani tatu. Ingieni mle chakula kabla hakijapoa."