Nyanya Ambazo Hakuna Aliyezipanda

Sentensi ambayo Suad aliipenda kuliko zote katika kipeperushi chake ilikuwa hii: "Tope letu likishakauka, hakuna kinachobaki hai ndani yake." Aliitunga mwenyewe, akaichapisha kwa rangi ya kijani, na tangu hapo hakuna aliyeipinga, pengine kwa sababu hakuna aliyeisoma.

Kazi yake katika kampuni moja ya majitaka mjini Bungoma ilikuwa kuwavutia watu kwenye jambo ambalo kila mmoja wao hulianzisha asubuhi na hataki kuliona tena. Siku hiyo aliwapokea wakulima kutoka viunga vya Kitale, waliokuja kuamua kama wangelichukua tope lililokauka wakalitie kwenye mahindi yao. Vitanda vya kukaushia, yaani mabirika mapana ya saruji yasiyo na kina, vilikuwa vimejaa pomoni. Meneja alikuwa amesema waziwazi kwamba wakulima hao wasipolichukua, dawati la uhusiano na jamii litafungwa, na Suad atafute pengine pa kupamba maneno.

Mambo yalikwenda vizuri hadi kitanda cha mwisho, ambako tope lilikuwa bado changa. Hapo palikuwa na nyanya. Mashina yake yalikuwa manene, na vichala vyekundu vilikuwa vimelalia saruji.

"Haki ya Mungu!" akasema Jotham, mkulima mcheshi ambaye tayari alikuwa amechuma moja. "Mimi napiga dawa kila wiki na zangu zinakauka nikiziangalia. Hizi nani alipanda, madam?"

Suad akamtazama Wabwile, mlinzi wa vitanda.

"Hakuna mtu," Wabwile akasema. "Zinajiotea tu."

"Ati zinajiotea?" Jotham akauliza. "Mbegu si imeletwa na ndege?"

Jibu la ndege lilikuwa limewekwa mbele ya Suad, limeshamenywa. Kilichobaki ni kulimeza. Lakini alikuwa na udadisi kuliko ujanja, kasoro kubwa katika kazi ile, na njia ya mbegu hizo ilikuwa inajichora kichwani mwake.

"Si ndege," akasema polepole. "Mbegu ya nyanya haisagiki tumboni. Watu wanakula kachumbari mjini, wanaenda chooni, na choo kinaishia hapa. Nafikiri hizi zimepandwa na Bungoma nzima."

Jotham akaishusha nyanya iliyokuwa karibu na mdomo. "Mwalimu, hebu nishikie hii."

"Shika mwenyewe, bana. Si ni wewe uliisifu?"

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa huyo aliyejibu: Mwalimu Chepkosgei, mwenyekiti wa kikundi, aliyefundisha baiolojia hadi alipostaafu. Alifungua kipeperushi, akaisoma sentensi ya kijani kwa sauti, kisha akauliza, "Kama mbegu imepita huko kote na imetoka hai, ni nini kingine kimetoka hai?"

Suad aliliona dawati lake likifungwa. Hata hivyo swali lilikuwa zuri, naye alikereka kwamba hakuwahi kujiuliza. Alikumbuka alichowahi kuambiwa na watu wa maabara.

"Mayai ya minyoo," akasema. "Yanaweza kubaki. Yanakufa tope likikaa muda mrefu likiwa kavu. Vitanda vya kule vimekaa. Maabara inasema viko sawa."

"Maabara ya nani?"

"Yetu."

"Mm."

Suad akakichukua kipeperushi, akaikata ile sentensi kwa kalamu, akamrudishia.

"Kwetu," Mwalimu akasema, "samadi ya mtu humjui hutii shambani. Unaiweka kwa karai, unamwagilia, unangoja uone itaota nini. Tupe gunia la kitanda cha zamani. Na wewe weka karai lako hapa."

"Lakini karai haliwezi kuonyesha minyoo, Mwalimu."

"Najua. Weka tu."

Jioni meneja aliuliza kama wamekubali.

"Wameomba karai."

"Hiyo ni ndiyo ama hapana?"

"Bado haijaota."

Meneja alikubali kungoja, bila furaha. Suad aliweka karai la tope la kitanda kilekile cha zamani nyuma ya ofisi, na kila asubuhi alilitembelea kabla ya kufungua mlango. Udongo ulikaa mtupu hata akaanza kuiwazia upya ile sentensi ya kijani. Kisha simu ikapigwa kutoka Kitale.

"Karai lako lina nini?" Mwalimu akauliza bila salamu.

Suad alikuwa amesimama juu yake. "Mche mmoja."

"Wa nini?"

"Wa nyanya, Mwalimu."

"Hata langu lina mmoja," Mwalimu akasema. "Ungenidanganya kwamba hakuna, tope lenu ningelimwaga barabarani. Sasa tafuta maabara isiyo yenu, ipime hayo mayai. Ikisema yamekufa, tutalichukua."

Meneja alipoelezwa, aliuliza kama mche ule ungeweza kung'olewa kabla wageni wengine hawajafika. Suad akamjibu kwamba umeshapigwa picha, kwa ajili ya kipeperushi kipya.