Mpira Mmoja wa Komeo

Enzi zile timu ya mpira wa magongo ya wasichana wa chuo ilipokuwa ikifungwa mpaka majani ya uwanja yanaona haya, mtu maarufu alikuwa mmoja tu: kipa, waliyemwita Komeo. Mipira ilimjia kama mvua ya mawe. Inasemekana siku moja alizuia mitatu kwa mpigo, na wa nne ukageuka njiani wenyewe kwa woga. Walifungwa saba siku hiyo, lakini watu walirudi makwao wakimsimulia Komeo.

Akaja kocha mpya, mama mfupi mwenye sauti ya king'ora. Akawanyoosha mabeki hata sisimizi hapiti. Timu ikapanda, ikapanda, ikaingia fainali, na Komeo akakosa kazi. Alisimama langoni na mapedi yake mazito ya miguuni, mchezo uko kule mbali kama harusi ya jirani. Kwenye nusu fainali njiwa alitua kofiani mwake, akatazama huku na huku, akaanza kuleta vijiti.

"Komeo, leo ulilala vizuri?" beki alimtania chumbani mwa kubadilishia nguo.

"Mwache dada wa watu," akadakia mwingine. "Mlinzi wa geti huyo. Mshahara anakula, mwizi hajawahi kumwona!"

Wakacheka. Naye akacheka, kicheko cha kuazima.

Jioni alimpigia mama yake. "Mama, fainali nataka niguse mpira. Mmoja tu. Nisivishwe medali kama mgeni aliyekuta watu wanakula."

"Basi waombe wenzako wazembee kidogo."

"Mama!"

"Nimesema tu, mwanangu."

Fainali, chuo kinaongoza moja bila, dakika zinayoyoma. Ghafla mpinzani mmoja akachapa shuti la mbali, na mpira ukawapita mabeki wote ukaja, mweupe, peke yake. Wake! Komeo akainua mguu.

Hapo ndipo alipoona: mpigaji alikuwa nje ya duara lililochorwa mbele ya goli. Kwenye magongo, shuti la nje ya duara likiingia bila kuguswa, si goli. Lakini akilizuia, mpira utadunda kwenye pedi mpaka kwa mpinzani mmoja mrefu aliyesimama karibu, ndani ya duara, gongo tayari, anameza mate.

Akashusha mguu. Akajibanza kando kama anayempisha mtu mlangoni. Mpira ulimpita karibu mno, akausikia upepo wake, kisha ukalia *pwaa!* kwenye ubao wa goli. Wapinzani wakakumbatiana. Filimbi ikalia, mwamuzi akapunga mkono. Si goli.

Punde mchezo ukaisha. Mabingwa!

"We Komeo," beki alimpitia akihema, "ule si ulikupita hivi hivi! Bahati yetu alipigia nje."

"Bahati," alisema Komeo.

"Njoo picha basi!"

"Nakuja."

Akainama kufungua mapedi. Yana mikanda mingi, na ya nyuma hutaka mtu wa kukusaidia. Alipoinuka, mpiga picha alikuwa anafunga mkoba wake.